Bahasha ya Wiki Tatu

"Wiki tatu hujaifungua?" mwashi alimuuliza mshonaji aliyekaa naye kwenye basi.

"Ya nini, kaka? Ni barua ya benki. Dhoruba imebeba paa, sasa wao wanabeba nyumba."

"Mimi nilidhani hivyohivyo. Kumbe ndani mna fomu: sisi tulioezuliwa tunasimamishiwa marejesho miezi sita. Fungua."

Mshonaji akaichana kwa meno. Fomu ilikuwemo, mwisho leo saa sita. Ilikuwa saa sita kasorobo. "Nani ana kalamu?" Zikaja nne; abiria sote tulikuwa tunasikiliza, kwa adabu.

"Mume wangu anataka tuuze wenyewe kabla ya mnada."

"Mtauza baadaye, dada. Jaza kwanza."

"Wewe humjui mume wangu."

Walikuwa bado wanabishana wakati dereva, ambaye hajawahi kusimama nje ya kituo hata kwa mjamzito, alipofunga breki mlangoni pa benki.