Narjit Gharti Arudishiwa Kisu

Siku ya mwisho ya mwezi wetu wa Asar, yaani katikati ya Julai, Narjit Gharti anavua sare ya askari wanyamapori baada ya miaka thelathini na mmoja katika hifadhi yetu ya uwindaji. Bonde zima linamjua kwa mambo mawili: mkoromo wake, uliowahi kumhamisha hema mgeni mmoja tajiri, na ubishi wake.

Ubishi huo ndio uliowalinda naur, kondoo-mwitu wa majabali yetu. Wageni huja na vibali na bunduki za bei mbaya, na kazi ya Narjit ni kuwaonyesha dume lililozeeka. Akishasema hilo bado kijana, hata umlilie, hupigi. Mmoja alinuna njia nzima hadi kijijini. Narjit alimchemshia viazi, wakala pamoja.

Ila ubishi huo ulimgharimu. Mwanzoni mwanzoni mwa kazi, sikukuu ya Maghe ilimkuta ukweni. Kwetu Wamagar nyama ya sherehe huikata na kuipika mkwe, na hilo halina mjadala. Baba mkwe wake, Mzee Jokhbir, jangili wa siku nyingi, alimpa kapu la nyama kama desturi inavyotaka. Narjit akafunua, akaona mguu wa naur. Jamani! Mzee alimkumbuka mkwe, akamsahau askari.

"Kata basi, mkwe, watu wana njaa."

Narjit akaweka kisu chini. "Baba, inuka twende kituoni."

Mzee alifungwa. Alipotoka alitangaza mbele ya watu kwamba Narjit hatakata tena nyama nyumbani kwake, na siku yeye Mzee akifa, Narjit asithubutu kuubeba mwili wake, ingawa kwetu hiyo nayo ni kazi ya mkwe. Kwa mkwe wa Kimagar hakuna fedheha kubwa kuliko hiyo. Tangu hapo, kila Maghe mkewe Dilsara alikwenda kwao peke yake. Narjit alibaki kituoni akidai ana zamu, na sote tulijua hana. Ilimuuma sana, nasi ilituuma kumtazama.

Wiki iliyopita, tukiwa katika maandalizi ya kumuaga, Mzee Jokhbir alitokea juu ya farasi, akivuta kondoo wa kufugwa kwa kamba. Alishushwa taratibu, akamkabidhi Narjit kisu kilekile cha siku ile.

"Mkague kwanza," akasema. "Alama ya zizi langu hiyo hapo sikioni. Usije ukanifunga tena, mimi nimeshazeeka."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mzee hakucheka.

"Na mabega yako, bado yana nguvu ya kunibeba?"

"Yanayo, baba."

Narjit alikata nyama huku machozi yanamtiririka, akasingizia moshi. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Ahsante, ndugu yetu, kwa kila naur aliyefikia uzee katika majabali haya. Wewe na Dilsara mkae kwa afya na furaha. Na Maghe ijayo usije kutuomba zamu, maana hatukupi. Nenda ukweni.