Bi Kidogo na Mashuka Mawili Meupe

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Juni, saa kumi kamili alasiri, mwalimu wetu wa Kiingereza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa za kuwafundisha wafanyakazi wa hoteli hii namna ya kuzungumza na wageni. Hizo siku tisa ameniamuru mwenyewe niziandike, na mimi nani nimbishie? Mimi ni mkuu wa mapokezi, mwanafunzi wake wa siku nyingi, na meneja amenikataza kulia ndani ya jarida hili. Basi nitacheka.

Aliajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu. Alipewa chumba jirani na stoo ya mito, viti sita, na ubao uliovunjika pembe. Kiingereza chetu enzi hizo kilikuwa cha mambo mawili tu: kitu ni kizuri au ni kibaya, maji ni ya moto au ni ya baridi. Katikati hapakuwa na kitu. Wiki yake ya pili, mgeni mmoja aliomba mto laini kidogo kuliko ule aliopewa. Dada wa vyumbani alisikia mto, akasikia laini, akapanda ngazi na mito tisa, akaimwaga yote kitandani kwa upendo. Mgeni wa watu alilala kwenye kochi.

Asubuhi yake mwalimu aliandika ubaoni maneno matatu: "a bit", "slightly", "a little", yote yakiwa na maana ya kidogo. Akatueleza kwamba mgeni haji mapokezi kulalamika kuwa anaungua. Anakuja kwa sababu chumba kina joto kidogo kuliko jana, supu imepoa kidogo, jirani anakoroma zaidi kidogo ya alivyotarajia. Anayeijua hiyo kidogo, alisema, anaijua kazi ya hoteli. Mwezi mzima hakufundisha kingine. Ndipo tukambatiza jina la Bi Kidogo, ingawa yeye mwenyewe ni mama wa kujaa mlango, na hilo halijawahi kumsumbua.

Kisha akaleta sheria ya chai. Kila asubuhi, kantini, hakuna ruhusa ya kunywa funda la pili kabla hujailinganisha kwa Kiingereza chai ya leo na ya jana. "A bit sweeter than yesterday," anasema huyu. "Slightly weaker," anasema yule. Mpishi wetu alivumilia mwaka na nusu, mpaka mtunza bustani aliposema kwamba ya leo ni mbaya kidogo kuliko ya jana. Loo! Mpishi alinuna wiki nzima. Alituwekea maji ya moto huku, majani ya chai kule, sukari dirishani, kila mtu ajipikie uhodari wake. Bi Kidogo aliingia jikoni kusuluhisha, akatoka baada ya saa moja ameshika mwiko, amani imepatikana, na mpaka leo hakuna anayejua walichozungumza.

Sasa, sisi nasi tukikipata kitu hatukiachii. Fundi wa mabomba alimpigia simu meneja akamwambia kwa Kiingereza safi kwamba maji ya chumba cha chini ni "slightly higher than usual", yaani yamepanda kidogo kuliko kawaida. Meneja akamalizia kifungua kinywa chake taratibu, akapiga na mswaki. Aliposhuka alimkuta fundi amesimama maji kiunoni, sanduku la vifaa kichwani, anatabasamu kwa adabu. Nami yangu niiseme. Nilimwambia mume wangu kwa Kiingereza, ili shemeji asielewe, kwamba mdogo wake amekaa kwetu muda mrefu kidogo kuliko nilivyotegemea. Ilikuwa miezi saba. Kumbe shemeji alielewa vizuri sana, akahama Jumapili. Bi Kidogo, kwa hilo peke yake ungestahili medali.

Tuje kwenye mafanikio. Hapa hupandishwi cheo bila kufaulu mtihani wa Kiingereza cha kuzungumza, na Bi Kidogo amefaulisha watu sitini na wanne. Alibaki mmoja, dobi wetu. Ndugu huyu amefua na kupiga pasi hapa kwa miaka ishirini na miwili, na mkuu wake naye anaondoka mwezi huu. Kile kiti dobi alikitaka kuliko kitu chochote, na sote tulimtakia. Lakini mtihani alikuwa ameanguka mara tatu, na kanuni hairuhusu zaidi ya mara nne. Akianguka tena, analetwa mtu wa nje, na yeye atapokea amri za mgeni mpaka uzee.

Si kwamba hajui. Mbele ya mtahini ulimi unamkauka. Anawekewa picha ya tembo na panya, anaambiwa alinganishe, anasema tembo ni mkubwa, basi, jasho linamtiririka. Bi Kidogo alitangaza kantini, sinia mkononi, kwamba hatoki hoteli hii akimwacha dobi nyuma. Meneja alimkumbusha kwa upole kwamba kustaafu si jambo la hiari. Tarehe ya mtihani ikapangwa: Jumanne ya tarehe kumi na nane, siku kumi kabla hajaondoka.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo dobi alikwepa darasa. Bi Kidogo akashuka mwenyewe chumba cha kufulia, amejiandaa kugomba. Alimkuta anabishana na dereva wa kampuni inayotuuzia mashuka. Dobi aliyapapasa mashuka kwa vidole, akayainua dirishani, akamwambia dereva kwamba haya manane ni mepesi kidogo kuliko mengine, lile la juu limefifia kidogo, na hili, samahani kaka, limeshawahi kulaliwa. Dereva akaanza kusoma viatu vyake. Bi Kidogo aliyatazama yale mashuka akaona weupe tu, mwanzo mpaka mwisho. Hapo akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona tangu tumjue: aliomba radhi. Alimwomba dobi amsamehe kwa kumwonyesha tembo miaka sita. Kuanzia siku ile darasa likahamia kule chini, katikati ya mvuke, na mwalimu akawa anarudi nywele zimesimama na uso unang'aa.

Jumanne ikafika. Mtahini ni mama wa makao makuu, miwani imening'inia kwa mnyororo, hacheki ovyo. Bi Kidogo alikuwa ameipekua kanuni usiku na mchana mpaka akakuta kwamba mtahini anaweza kutumia vitu vyovyote viwili. Akaomba viwe mashuka. Mtahini akaenda kabatini mwenyewe, akachomoa mashuka mawili meupe, mlango ukafungwa. Nje tulibaki mimi, mpishi na fundi wa mabomba, masikio ukutani bila haya. Bi Kidogo aliketi juu ya kapu la nguo lililofudikizwa, mkoba kifuani. Ndani kimya. Kimya. Nikajua tumekwisha.

Kisha sauti ya dobi ikaanza. Hili ni "slightly whiter". Hili ni "a bit softer" kwenye pindo. Lile ni "a little older", labda miezi miwili, na aliyelipiga pasi alikuwa na haraka. Jamani, alizungumza dakika kumi na moja! Mtahini alijaribu kushukuru mara mbili akashindwa. Mwisho dobi akamweleza kwa heshima zote kwamba mkono wa kushoto wa blauzi yake ni wa njano kidogo kuliko wa kulia, na dawa yake ni maji ya uvuguvugu. Tulisikia mtahini akicheka. Dobi alifaulu! Mpishi alimkumbatia fundi wa mabomba, fundi akanikumbatia mimi, na simu ya mapokezi iliita mpaka ikachoka.

Dobi alitoka, akasimama mbele ya mwalimu wake, akamwambia kwa Kiingereza kwamba alikuwa ameogopa kidogo. Bi Kidogo hakumjibu kwa Kiingereza. Alimshika mikono yote miwili akasema yeye aliogopa sana, mdogo wangu, sana, sana.

Jumatatu dobi anakalia kiti chake. Ombi lake la kwanza limeshafika kwa meneja: wale dada wawili wapya wa kufulia awafundishe Kiingereza yeye mwenyewe. Hakungoja jibu, ameanza Jumatano. Bi Kidogo alipita pale mlangoni, akasikiliza, hakuingia.

Mwalimu wetu, ahsante kwa yote. Nenda ukapumzike, uamke saa unayotaka, unywe chai bila kumhoji mtu, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Tunakupenda, na hapo hatuweki kidogo.