Majina Kumi na Moja ya Papa Ferdinand

Ndugu wa Alunguli hapa Kindu, wakubwa wa kanisa na wa musikiti, na ninyi muliokuja kwa muguu toka mbali, familia inaomba mukae vizuri, kwani maisha ya Papa Ferdinand Okito hayaingii katika karatasi moja, na hizi ziko mbili.

Papa Ferdinand alizaliwa Tunda, territoire ya Kibombo, tarehe 14 Mei 1961, mutoto wa kwanza wa muzee Djuma na mama Bernadette, akamaliza masomo ya musingi palepale mwaka 1974, akaanza sekondari hapa Kindu, na mwaka wa tatu akaacha, si kwa ujinga, bali kwa sababu alichojua kilikuwa kimekwisha kuwapita walimu, hivi njo alivyosema mwenyewe, na walimu hawako tena wa kukana.

Mwaka 1983 alipewa kazi ya kushika foni, ile redio ya kusema na watu wa mbali, kwa mufanya biashara mumoja wa Alunguli, sauti yake ikasikika mpaka Obokote, wengine wanasema mpaka kwa wafu, lakini hilo familia haihakikishi, na kila alipofunga alisema, nimesikia, terminé, yaani maneno yamekwisha. Tarehe 8 Agosti 1987 alimuoa mama Yvette, aliyekuja kuulizia bei ya muchele wa Kibombo mara tisa ndani ya juma moja, wakazaa watoto watano, wa kwanza ni Bibiche, huyu anayelia pale mbele.

Vita ilipofika, tarehe 9 Novemba 1999, kwa huruma tu, alisoma hewani majina kumi na moja ya watu waliokimbilia pori la Tunda, akataja na kijito walipolala, ili jamaa zao hapa mujini wapate usingizi, akasahau kwamba hewa haina mulango, na watu wa bunduki walikuwa wanasikiliza. Kesho yake walifika kwenye kijito. Kati ya waliochukuliwa wasirudi alikuwa Assani, mudogo wake wa tumbo moja. Tangu siku ile kila mutu kwenye foni yake aliitwa kwa jina la samaki, na kila siku ya soko samaki walibadilishwa, hata mama Yvette alivumilia kuitwa kambale juma zima.

Mwaka 2023 alikwenda kwenye biro moja ya serikali kuandikisha mujukuu, akakuta majina yetu, nyumba zetu na namba zetu za simu zimeingizwa zote ndani ya ordinatere, ile kompyuta ya biro, na karatasi yenye neno la siri la kuifungua imepigiliwa misumari miwili ukutani chini ya kalenda, maana wafanyakazi wane walibadilishana kiti kimoja na hakuna aliyetaka kusahau. Aliandika barua saba, hakuna iliyojibiwa, akaingia kwenye mabishano ya redio kuuliza kwa nini serikali inalinda daraja kwa askari wawili na majina ya raia kwa misumari miwili. Wengine walisema barabara kwanza, wengine mishahara kwanza, na bwana Blanchard, mukubwa wa biro ile, alimucheka mbele ya muji muzima, akauliza huyo mwizi wa mbali wa kuiba majina atafikaje Kindu, nazo pikipiki zenyewe zinakwama kwa matope. Papa akamujibu kwamba sauti haipandi pikipiki, kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka makumi mawili na mine, akataja hewani majina yale kumi na moja, la Assani likawa la mwisho.

Ugonjwa wa sukari ulimulaza hospitali Januari 2025. Tarehe 19 Machi bwana Blanchard alifika kitandani, akamwambia karatasi imetolewa, neno limebadilishwa, na fundi amewekwa wa kulinda mashini, akainama amunong'oneze neno jipya, kwa heshima, lakini Papa akaziba masikio kwa mikono miwili, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. Alituacha tarehe 21 Machi, saa kumi na moja ya asubuhi.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi, majirani waliobeba maji na kuni, wenzake wa foni waliotoka Tunda, na bwana Blanchard, anayekaa kati yetu na neno lake kinywani, na tunamuomba asituambie.

Papa Ferdinand, katika sanduku hii hakuna siri hata moja ya serikali, na ule muzigo wa kijito umekwisha kuutua, pumzika kwa amani pamoja na Assani, huku Alunguli tumekusikia, terminé.