Nusufamilia

KAKA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

DADA: Umepiga wewe, kaka. Shikamoo.

KAKA: Marahaba. Mbona sauti inatoka kama uko ndani ya pipa?

DADA: Niko juu ya ngazi, ukumbini hapa makumbusho. Nabandika ramani ukutani.

KAKA: Ramani ya nini tena?

DADA: Ya vipepeo wa utomvu. Wale ambao viwavi wao wanakula majani yenye maziwa, ukiyakata yana—

KAKA: Miaka yote ile ya chuo kikuu, mtu anaishia kubandika wadudu. Wateja dukani wakiniuliza unafanya kazi gani, nawaambia sijui. Nauza vigae, lakini aibu ninayo.

DADA: Pole.

KAKA: Haya, na hao wadudu wenyewe wako wapi?

DADA: Karibu kila penye joto. Afrika, Asia, Australia, Amerika zote mbili. Kuna weusi wenye madoa meupe ambao kwao ni Afrika. Kuna wengine wa Asia, weusi wenye mng'ao wa buluu, hao wamefika mpaka visiwa vya Pasifiki.

KAKA: Wametapakaa tu ovyo, kama watoto wa— [mkwaruzo]

DADA: Kama watoto wa nani?

KAKA: Mtandao huo. Wana faida gani?

DADA: Wengi wana sumu ya yale majani mwilini. Ndege akimla mmoja anamtapika, harudii tena.

KAKA: Afadhali ndege wana akili. Sasa sikiliza, sikukupigia kwa ajili ya wadudu. Ni habari ya Jumamosi.

DADA: Ya picha. Baba aliniambia, kabla hajalazwa kwa ule upasuaji.

KAKA: Picha ya ukoo. Ukoo, unalielewa hilo neno? Si ndiyo kazi yako, kupanga nani ni wa nani?

DADA: Ndiyo kazi yangu.

KAKA: Basi ungekuwa umeshajua pa kukaa.

DADA: Hawa vipepeo, zamani wataalamu waliwaweka familia yao peke yao. Baadaye wakawatazama vizuri. Miguu ya mbele imefupika, wanasimamia minne tu, sawasawa na wale wa familia kubwa. Wakawaingiza ndani. Siku hizi ni nusufamilia humo humo.

KAKA: Nusu. Umesema mwenyewe.

DADA: Nusufamilia ni tawi, kaka. Haina maana kwamba—

KAKA: Nusu ni nusu, mtaalamu. Mama yako alikuwa fundi cherehani wa mama yangu. Alikuja kumpima gauni, akaondoka na mimba yako. Leo wewe usimame bega kwa bega na mama, tutundike sebuleni? Wageni wakiuliza huyu nani, tuwajibu nini?

DADA: Mtawajibu.

KAKA: Usinijibu kwa mkato. Nataka umpigie baba. Mwambie Jumamosi una kazi.

DADA: Sina.

KAKA: Mwambie gundi ya ramani haijakauka. Mwambie kipepeo mmoja ana homa. Wewe ndiye msomi, tunga.

DADA: Kwa nini usimwambie wewe?

KAKA: Nimeshamwambia huji.

DADA: Akasemaje?

[mkwaruzo]

DADA: Kaka?

KAKA: Mzee amekuwa kama mtoto tangu atoke hospitali. Anachosha.

DADA: Akasemaje?

KAKA: Eti hakai mbele ya kamera mpaka wewe uwe umesimama nyuma yake. Mama kalia, shangazi kaja kumbembeleza, yeye kaligeukia dirisha. Hata shati la kupigia picha kakataa kujaribu. Haya, umefurahi?

DADA: Alisema jina langu?

KAKA: Alisema "binti yangu." Kana kwamba hana mabinti wengine watatu.

[DADA anavuta pua]

KAKA: Unalia huko juu ya ngazi? Utaanguka, tuongezewe na balaa la hospitali.

DADA: Silii.

KAKA: Basi mpigie sasa hivi. Mimi haniamini. Akikusikia wewe mwenyewe umekataa, atakaa, mambo yaishe.

DADA: Mnavaa rangi gani?

KAKA: Nini?

DADA: Kwenye picha. Mmekubaliana nguo za rangi gani?

KAKA: Usinichezee, nasema—

DADA: Rangi, kaka.

KAKA: Nyeupe. Lakini hilo halikuhu— Haloo? Salio langu hilo linalia. Sikiliza, usithubutu—

DADA: Nyeupe ninayo. Nitampigia baba nimwambie avae shati lake.

KAKA: We! Mwambie una ka—

[laini imekatika]