Vifuko vya Mzee Delbert

Basi lilikuwa likipanda milima ya West Virginia, na Loretta, mpimaji wa mapafu wa kliniki, alikaa nyuma ya wachimbaji wawili wa makaa ya mawe waliokutana humo humo: mzee Delbert, mwenye mtungi wa oksijeni, na Travis, ambaye bado alikuwa akishuka mgodini.

“Barakoa ya nini, mzee? Mimi natafuna tumbaku. Vumbi linanasa kwenye mate, nalitema,” alisema Travis, mzee alipomuuliza kama huvaa barakoa mgodini, akatema ndani ya chupa kama ushahidi.

“Nilitema miaka thelathini, kijana. Unatema lile nene tu. Lile laini linafika kwenye vifuko vya hewa, vidogo kuliko punje ya chumvi. Kuta zake ni nyembamba mno, ndipo hewa inapoingia kwenye damu. Vumbi likikaa hapo, ukuta unageuka kovu, na kovu halipitishi kitu.”

Loretta hakuona la kusahihisha, jambo nadra katika basi lile.

“Mbona sasa unacheka?” akauliza Travis, maana mzee alikuwa amemalizia kwa kicheko.

“Mungu alinipa mamilioni ya vifuko. Vilivyobaki vimenifikisha kwenye harusi ya mjukuu wangu, nikacheza wimbo mzima. Nisishukuru?”

“Wimbo mzima?”

“Ulikuwa mfupi.”

Basi likasimama kliniki. Travis alimteremshia mzee mtungi, kisha akabaki na mguu mmoja kwenye ngazi, akiutazama mlango wa kliniki.

“Unashuka au unapanda?” dereva akauliza.

Travis hakuweza kujibu. Mdomo ulikuwa umejaa mate ya tumbaku, na chupa ilikuwa imebaki kitini.