Siagi Iliyosukwa na Barabara

Lori la kijiji cha ujamaa lilitoka Mugumu na umande. Kando yangu mama mmoja, Bhoke, alipakata kibuyu cha maziwa. Mashimo ya barabara yalimsukia siagi bure, na mlio wa maziwa yakigonga kibuyu ukatufanya sote tusinzie.

"Shikamoo mama. Siagi ya nani hiyo?" aliuliza Zilpa, mchuuzi wa Sirari mwenye kopo la majarini. "Marahaba. Ya mume wangu. Yuko Nkende, anaumwa presha." Zilpa akashtuka. "Utamuua! Zahanati walituambia mafuta ya ng'ombe yanaziba mishipa. Majarini ni ya mimea, nyepesi." "Mimea gani, mwanangu? Umeiona ikikamuliwa?"

Hakuwa ameiona. Hata mimi, ila hakuna aliyeniuliza.

"Amekula siagi yangu tangu anioe." "Ndiyo maana anaumwa."

Vilima vikapita katika ukungu, polepole. Mlio wa kibuyu ukawa mzito. Lori liliposimama Nkende, Bhoke alikifungua: siagi ilikuwa imeshikana, ya manjano. Akampa Zilpa kidogo kidoleni. Zilpa akalamba, akafumba macho.

"Kama ya mama yangu," alinong'ona.

"Mama yako bado yupo?"

Zilpa akafuta macho, akachukua kopo lake, akashuka.