Mzee Tutaona Achagua Ubongo wa Mashine

Ijumaa hii, tarehe 30, fundi mkuu wa umeme na mitambo wa kiwanda chetu cha rangi anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Utawala umeniomba mimi, msaidizi wake, niandike wasifu mfupi na wenye heshima. Kwenye ufupi nitajitahidi.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, enzi ambazo rangi ilichanganywa kwa mwiko mkubwa na kukaguliwa kwa macho ya mzee mmoja aliyedai kwamba hakosei. Wateja waliopaka ukuta mmoja kwa ndoo mbili walikuwa na maoni tofauti. Ni yeye aliyesimamia ufungaji wa mashine yetu ya kwanza ya kujiendesha, na ni yeye aliyeiandikia programu, amri kwa amri, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Tangu hapo krimu imetoka krimu na bluu imetoka bluu. Hilo nimelisema bila kejeli, kwa hiyo walisome mara mbili wanaompenda.

Jina la Mzee Tutaona alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukimwomba likizo, tutaona. Ukimwambia taa ya korido imeungua, tutaona. Inasemekana mkurugenzi alimuuliza kwenye sherehe ya kiwanda kama chakula kilimridhisha, naye akatoa jibu lilelile huku sahani iko tupu.

Kwa wale wa ofisi za juu ambao hushuka huku wakija kupiga picha tu: kando ya tangi la kuchanganyia kuna kabati la chuma, na ndani yake kuna kidhibiti cha mashine, yaani kadi zilizopangwa kwenye fremu kama vitabu kwenye rafu. Kadi moja ndiyo moduli ya prosesa, na sisi tunaiita ubongo. Ndiyo inayosoma mizani, ikaamuru vali zifunguke na pampu ziwake. Ubongo wetu ulikuwa na umri mkubwa kuliko baadhi ya wafanyakazi, haukuwa na wa akiba popote, na kumbukumbu yake iliishi kwa hisani ya betri ndogo. Betri ikifa na umeme ukakatika, programu yote inapotea na sisi tunarudi kwenye mwiko. Ulihitajika ubongo mpya, na Mzee akakabidhiwa kazi ya kuuchagua. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii kwa miaka tisa.

Asitokee mtu wa kuuita huo uzembe. Moduli ya kwanza aliipenda sana, akaichunguza kumbukumbu, akailinganisha na nyingine, akaomba muda kidogo. Alipomaliza kulinganisha, walioitengeneza walikuwa wameshaacha kuitengeneza. Ya pili ilikuwa na kasi ya ajabu, ila haikuwa na poti, yaani tundu la waya, la kuongea na mizani yetu ya zamani, na Mzee alisema hawezi kufukuza mizani iliyomtumikia vizuri eti kwa sababu ya mgeni. Ya tatu ilikuwa na kila kitu, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya chumba chenye kiyoyozi, na ndani ya kabati letu unaweza kuoka mkate. Muuzaji wa vifaa alipoanza kutuletea vitabu vya maelezo alikuwa kapera. Kufikia mwaka wa tisa alikuwa anakuja na picha za mtoto wake wa darasa la pili, na bado hajauza kitu.

Kusema haki, kuna wakati tulijaribu kuharakisha. Afisa ununuzi, bingwa wa bei nafuu, aliagiza prosesa bila kumuuliza mtu, kwa kuangalia picha. Chapa ilikuwa ileile, rangi ileile, hata kitaa cha kijani kilikuwa palepale. Ilipofika, pini zake zikakataa kuingia kwenye fremu yetu, kwa sababu ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa, na aliyeuza hakuwa na desturi ya kurudishiwa bidhaa. Tukaipa kazi ya kuzuia mlango wa karakana usijifunge, kazi ambayo inaifanya vizuri mno. Baada ya hapo, kila aliyefungua mdomo kuhusu kuchelewa, Mzee alimtazama yeye, kisha akautazama mlango, na kikao kikaahirishwa.

Wakati huohuo aliutunza ubongo wa zamani kama mgonjwa wa nyumbani. Betri alibadilisha mwenyewe, mashine ikiwa na umeme, amepiga magoti, nasi tukiwa tumekatazwa hata kukohoa. Mfagiaji alipigwa marufuku kupita na ndoo karibu na kabati. Joto lilipozidi ilitokea feni ya mezani, nzuri, ya rangi ya samawati, ambayo hakuna idara iliyowahi kuinunua. Siri ilifichuka siku familia zilipoalikwa kutembelea kiwanda, mke wake aliposimama mbele ya kabati akaitambua feni.

“Baba watoto, si uliniambia hii iliungua?”

“Iliungua,” alijibu Mzee. “Ikapona.”

Kisha ukafika mwaka wake wa mwisho. Mkurugenzi akatangaza kwamba Mzee akiondoka bila kuchagua, na ubongo ukafa, mashine ya kuchanganya itafungwa na watu wake watapumzishwa. Kupumzishwa ni neno la utawala, sisi tunalijua kwa jina lingine. Wa kubaki na kabati lile nilikuwa mimi. Niliogopa, na sioni aibu kusema, maana ile programu hakuna aliyeijua ila yeye, na chombo kilichoibeba kilikuwa kinasubiri tu umeme ukatike siku mbaya.

Nikaandaa hoja zangu. Nilihesabu waya zote zinazoingia na kutoka, nikaongeza nafasi za baadaye. Nikatafuta moduli yenye kumbukumbu ya kutosha na isiyotegemea betri, inayoelewana na mizani, inayovumilia joto letu, na ambayo watengenezaji wameahidi kuendelea kuitengeneza. Nikampelekea mezani kwake karakanani. Alisoma kila mstari, akakubali kila mstari, akavua miwani, na mnajua alisema nini.

Nilichoka. Nikamuuliza, “Mzee, kimebaki nini? Niambie kimoja tu.”

Akainuka akafunga mlango, na ili aufunge ilibidi kwanza asogeze ile prosesa kwa mguu. Akakaa.

“Binti,” alisema, “huo ubongo mpya una programu yake ya kompyuta, na mimi siijui. Huu wa zamani niliuandika kwa mkono wangu. Siku nikisema tununue huo, kesho yake mimi sina ninachojua hapa.”

“Tutajifunza pamoja, Mzee.”

“Pamoja wapi, na wewe unaijua tayari?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa joto, kwa poti, kwa bei. Si kwa hilo. Miaka tisa tulikuwa tunamcheka mtu anayeogopa, na kati ya waliocheka sana nilikuwemo. Nikamwambia programu ya zamani hakuna anayeweza kunisomea ila yeye, na bila hiyo sitaweza kuandika mpya. Kesho yake asubuhi nilikuta sahihi yake kwenye karatasi ya moduli niliyoipendekeza, na kando ameandika kwamba mafunzo yaanze Jumatatu.

Mwalimu wake nilikuwa mimi, na nawapa pole walimu wote duniani. Alibishana na kompyuta. Aliishutumu mausi kwa utovu wa nidhamu. Swali moja aliliuliza asubuhi, mchana na jioni, kila mara akidai kwamba jibu limebadilika. Lakini alinisomea programu yake yote, amri kwa amri, akinieleza kwa nini vali fulani husubiri kidogo kabla ya kufunguka, na ni ajali gani iliyomfundisha hivyo. Nami niliandika upya huku yeye akiwa pembeni yangu, na kufikia mwisho alikuwa anaandika vipande vyake mwenyewe, polepole, kwa kidole kimoja.

Jumamosi moja kiwanda kikiwa kimefungwa, tuliutoa ubongo wa zamani tukaweka mpya. Kabla ya kuutoa, swichi alisema nizime mimi. Aligeukia dirisha mpaka nilipomaliza, na mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumatatu asubuhi mashine ikawaka, na kwenye tangi la nyeupe pampu ikagoma. Wafanyakazi wa zamu nzima walikuwa wamesimama, wanajua mashine hii ikilala na wao wameenda. Msimamizi wa zamu akanipita kama nguzo, mbio hadi kwa Mzee, kama watu wote wa kiwanda hiki walivyofanya maisha yao yote. Nilimwona Mzee akianza kuinuka kitini. Halafu akakaa tena.

“Mwenye mashine ni mhandisi,” alisema, akanionyesha kwa kidevu. “Muulizeni yeye.”

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikasoma skrini, nikaenda kwenye kabati, nikakuta waya wa kipima kina, kinachouambia ubongo rangi imefika wapi tangini, umelegea, nikaukaza, pampu ikawaka, na nyeupe ikaanza kushuka. Niligeuka, nikamkuta amesimama nyuma yangu.

“Umejuaje?” aliuliza, na safari hii alikuwa anataka kujua kweli.

Nikamwonyesha kwenye skrini. Akainama akatazama, akauliza tena, nikamwonyesha tena.

Mzee wetu, asante kwa miaka yote uliyojua, na zaidi kwa miezi ile uliyokubali kuuliza. Tunakuombea afya, mapumziko marefu, na huko nyumbani watu wenye subira ya kukujibu. Mlango wa karakana uko wazi kwako, na Jumatatu ijayo nitakaa kwenye kiti chako nikiwa na hofu ileile, na pampu ikigoma nitaukaza waya.